Birika, Beseni na Mkono wa Mzee Shabani

Issa na Divine, mliniomba niwaeleze kazi ya maji, ya kuwanawisha wageni hapa mkahawani, inavyofanywa, nikashindwa kuisema mbele yenu. Mnanijua. Nikisimama mbele ya watu wawili maneno yananikauka, na mbele ya watatu nasahau hata jina langu. Kuandika naweza, ila naandika polepole. Niliishia darasa la sita, na tangu hapo mkono wangu umeshika birika zaidi ya kalamu. Kwa hiyo msinihesabie makosa.

Mnanicheka kwamba nimestaafu kabla ndevu hazijajaa. Ni kweli. Wengine wanastaafishwa na umri, mimi nimestaafishwa na robine. Lavabo mpya, sinki la kunawia lenye robine yake, imesimama pale karibu na mlango, nyeupe kama jino, na wageni wanajifungulia maji wenyewe. Lakini mnaishi Bujumbura kama mimi, na mnajua tabia za mabomba yetu. Siku robine hiyo itakapokohoa na kutoa hewa tupu, na watu wamejaa wana njaa, mtalitafuta birika. Liko juu ya kabati la vikombe. Beseni liko chini yake, limefunikwa na kitambaa.

Mimi nililetwa hapa na mama yangu, ambaye alikuwa akimuuzia Etiye vitunguu. Nyinyi mmezoea kumwita Etiye bila kuuliza. Jina lake ni Tsige. Etiye ndivyo kwao Ethiopia wanavyomwita mwanamke mkubwa wa kuheshimiwa, kama sisi tunavyosema Shangazi. Mama alitua gunia mlangoni pa jiko, akanisukuma mbele kidogo, akasema:

"Huyu mutoto wangu ana nguvu, lakini hasemi."

Etiye aliniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Vizuri," akasema. "Wageni wanasema sana. Mi natafuta mutu wa kunyamaza."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Sijasikia mtu mwingine aliyeajiriwa kwa aibu yake.

Asubuhi ile aliniacha nisimame jikoni nitazame. Mimi nimekulia mtaa wa Buyenzi, kwa bugari na maharage, na samaki wa ndagala siku za neema. Nilikuwa sijawahi kuona chakula kinachomiminwa kama maji na kuinuliwa kama nguo. Etiye alichota uji wenye harufu kali ya uchachu, akaumimina juu ya sahani kubwa ya moto, akianza pembeni na kuzunguka, akizunguka na kuingia katikati, bila kuinua mkono na bila kutikisika. Halafu akangoja. Ule uji ukaanza kufumbua macho. Naandika macho kwa sababu ndivyo mwenyewe anavyoyaita: vitundu vidogo vinafunguka kote kwa pamoja, mpaka injera nzima, ndiyo mkate wao, inakutazama. Akafunika, mvuke ukatoka pembeni, akafunua, akaiinua yote kwa mkeka mdogo, pana kama mwavuli na laini kama shuka.

"Angalia macho," aliniambia. "Kama haina macho, ni kipofu. Kipofu tunakula sisi jikoni. Mugeni tunamupa yenye inaona."

Miaka yote niliyokaa hapa sikuwahi kuzoea kitu kile. Kila asubuhi nilijifanya nina kitu cha kuchukua jikoni ili niyaone macho yakifunguka. Nyinyi mkipita pale mkiwa na simu mkononi, nawasikitikia kidogo.

Kuna jambo jingine la jikoni ambalo ni lazima mlijue, kwa sababu sasa litawaangukia nyinyi. Nyama ya nyumba hii inatoka kwa mchinjaji wa Buyenzi, Mwislamu, ndiyo maana wazee wetu wanakula hapa bila wasiwasi. Lakini Etiye ni Mkristo wa kanisa la kwao, na kwao mtu wa kanisa hali nyama iliyochinjwa na Mwislamu. Tena Jumatano na Ijumaa anafunga, hagusi hata siagi wala yai. Sasa fikirini. Yule kuku wa Ijumaa anayewafanya watu wazima walambe vidole, mwenye vitunguu vilivyopikwa mpaka vikasahau kuwa vilikuwa vitunguu, Etiye hajawahi kumwonja hata siku moja. Anampika kwa pua. Anainama juu ya sufuria, anafumba macho, anasema, "Chumvi bado kidogo." Halafu ananiita mimi niweke tone kwenye ulimi. Kazi yangu ilikuwa kutikisa kichwa. Karibu kila mara nilikitikisa kwa kukubali. Nilimwona anavyompikia mgeni kitu asichokila yeye, kwa uangalifu ule ule kama angekila, na nilikuwa natoka jikoni nikitembea polepole.

Sasa maji. Maji yawe ya uvuguvugu, si moto. Weka kipande cha ndimu ndani ya birika, kwa ajili ya harufu ya vitunguu. Beseni mkono wa kushoto, birika mkono wa kulia, taulo juu ya mkono ulioshika beseni, sabuni juu ya kile kifuniko cha beseni chenye matundu. Anza na mkubwa wa meza, hata kama mdogo ndiye anayelipa. Mimina uzi mwembamba, karibu na mikono. Ukimimina kutoka juu utamlowesha mgeni suruali na atakaa nayo hivyo mpaka kahawa. Mikono ikijifunga, acha kumimina. Baada ya kula rudi na maji ya moto zaidi, kwa sababu siagi ya Etiye haitoki kwa maji ya kubembeleza. Na usisahau kwamba hapa hakuna uma. Mkono unaouosha ndio kijiko. Watu wote wa meza moja wanaingiza mikono kwenye sinia moja, kwa hiyo kila mtu anakutegemea kwa mkono wa mwenzake.

Kwa kuwa nilikuwa siwezi kuwaangalia watu usoni, niliangalia mikono. Taratibu nikaona kwamba mji mzima unapita kwenye beseni langu. Fundi cherehani ana kidole chenye alama za sindano. Muuza vitambaa ana ngozi kavu kwa sababu pamba inamnyonya. Mama wa samaki ana gamba moja linalong'aa karibu na ukucha, hata akijifuta namna gani. Wamekuja maharusi wenye hina mpaka kwenye viwiko, wakanyoosha mikono kwa mbali kama wanaopewa zawadi. Siku moja alikuja mwanaume mwenye nguo za heshima na udongo mwekundu chini ya kucha, nikajua ametoka kuzika. Nikammiminia mpaka birika likaisha.

Wageni wapya wana mambo yao. Kuna mfanyabiashara mmoja kutoka mkoani aliyenawa vizuri, akatafuta taulo, nami nilikuwa nimegeukia meza ya pili. Akaona pale mbele yake injera zilizokunjwa kama vitambaa, laini, zenye joto. Akachukua moja akajifuta mikono, akajifuta na uso, akairudisha mahali pake ikiwa imekunjwa vilevile. Alikuwa mtu nadhifu sana. Mdomo wangu ulifunguka, hakikutoka kitu. Etiye aliona toka jikoni, akaja, akaichukua ile injera kwa heshima zote akamletea nyingine. Kisha akaingia stoo, na tukamsikia huko ndani akicheka mpaka akakohoa. Tangu siku ile, taulo inatangulia mbele ya kila kitu.

Sasa nifike kwa Mzee Shabani, maana ndiye sababu ya mimi kuandika kurasa hizi zote badala ya moja.

Mnamjua mlivyomkuta. Mimi nilimkuta akiwa mzima. Garaji yake ni ile iliyo nyuma ya maduka, hapa hapa mtaa wa Asiatique. Alikuwa na mikono mikubwa, na mistari ya viganja vyake ilikuwa nyeusi ya mafuta ya magari, weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Nilijaribu na ndimu, nilijaribu na majivu. Mistari ilibaki kama imechorwa. Alikuja kila Ijumaa baada ya swala, amevaa kanzu nyeupe, pamoja na rafiki yake Bwana Seif, mwenye duka la vitambaa, ambaye babu yake alitoka Omani. Walisoma Kurani pamoja walipokuwa watoto, na tangu hapo hawajaacha kutukanana.

Ijumaa yangu ya kwanza Mzee alinyoosha mikono, akaniuliza:

"We mutoto, jina lako nani?"

Niliendelea kumimina.

"Anakuuliza jina," Bwana Seif akasema.

Nikamimina zaidi.

"Bon," akasema Mzee. "Kama hausemi, mi nitakuita Robine. Robine, funga! Umenilowesha kanzu."

"Usimwonee mtoto wa watu, Shabani."

"Mi simwonei. Huyu ndiyo robine moja tu mu Bujumbura yenye inatoa maji kila siku."

Meza zote zilicheka. Mimi pia, ndani kwa ndani. Kuanzia hapo hakuna aliyeniita jina langu tena, hata mama yangu.

Wawili hawa walikuwa wanakula sinia moja, kila mtu mbele yake, kama tulivyofundishwa nyumbani. Bwana Seif alipenda kusema kwamba hawa Wahabeshi wana adabu za kwetu. Kitu kimoja tu Mzee alikataa. Mnajua kwamba Etiye akikupenda anakunja tonge kwa mkono wake mwenyewe na kukutia mdomoni. Wanaita gursha. Kwao ni heshima kubwa, na mtu haikatai. Mzee Shabani aliikataa kila mara, akiweka mkono kifuani kwa adabu.

"Mama, asante. Mi mama yangu alinilisha akamaliza."

Etiye alicheka, akampa Bwana Seif, ambaye hakuwahi kukataa chochote.

Halafu ikaja Ijumaa ambayo Bwana Seif aliingia peke yake. Alinyoosha mikono. Akaniambia kwa sauti ndogo, kama vile ni mimi niliyeuliza:

"Shabani amepooza. Upande wa kulia. Yuko hospitali."

Alipona, kwa namna. Mguu ulirudi, ukawa unaburuta kidogo. Mdomo ulirudi, na matusi yake yote. Mkono wa kulia haukurudi. Mara ya kwanza alipokuja tena alikuwa amevaa koti juu ya kanzu, kwenye joto la mchana, na ule mkono uko mfukoni. Nilikuja na birika. Hakunyoosha kitu.

"Mi nimeshiba, Robine. Pita."

Nikapita. Sinia likaja. Bwana Seif aliweka mkono, akautoa.

"Kula, Shabani."

"Nimekula nyumbani."

"Umekula nini? Kula kwa kushoto. Una udhuru. Dini imekuruhusu, mwenyewe unajua."

"Dini imeniruhusu," Mzee akasema. "Mi ndiyo sijaruhusu. Mkono yenye najisafishia chooni, niiweke mu sinia yako? Tangu utoto sijafanya. Nianze leo, na mvi?"

Mimi nilikuwa nyuma yao na nilikuwa naelewa kabisa. Nawaambia nyinyi mliozaliwa juzi: si maringo. Mtu aliyefundishwa hivyo na mama yake anaweza kuona njaa mbele yake na mkono usinyanyuke.

Ijumaa iliyofuata Etiye alijaribu. Alitoa meza ndogo nyuma ya pazia, mahali pasipoonekana. Akaweka sahani, akakata injera vipande vidogo kwa mkasi, akatoa mifupa yote kwenye kuku, akaweka na kijiko ambacho sijui alikitoa wapi. Aliifanya kazi ile asubuhi nzima, naye amefunga. Mzee alipofika alimwongoza mwenyewe mpaka pale. Mzee aliangalia sahani, akaangalia kijiko.

"Mama, asante sana," akasema. "Hii ni ya mugonjwa."

Akatoka, mguu ukiburuta. Etiye akabaki ameshika pazia.

"Nimekosea nini?" alimuuliza Bwana Seif.

"Hukukosea, Mama. Hakuna anayejua la kufanya."

Baada ya hapo hakuja tena. Bwana Seif aliendelea kuja, na kila Ijumaa aliagiza sinia la watu wawili. Alikula mbele yake tu, na nusu ya pili ikarudi jikoni haijaguswa, macho ya injera yakitazama juu. Etiye alimwambia apunguze. Akasema hapana, Shabani akija atalikuta. Siku moja nikimwosha mikono baada ya kula alisema, bila kuniangalia:

"Binti yake anamlisha uji, mlango umefungwa. Hataki kula na mtu yeyote. Amekonda, Robine. Koti lile linamvaa yeye. Mtu akikataa kula na wenzake, ujue ameanza kuaga."

Nilimwaga maji, nikalia kidogo kule nyuma kwenye vitunguu, ambako mtu halazimiki kueleza.

Kilichomrudisha hakikuwa chakula. Kilikuwa gari. Mzee Shabani alisifika mji huu kwa sikio. Ulikuwa unampitishia gari mbele yake, anakuambia ugonjwa wake kabla hujasimama. Basi Ijumaa moja Bwana Seif alimwendea nyumbani akamwambia gari lake linakohoa, vijana wa garaji wanataka kubadilisha kila kitu, naye anataka sikio. Mzee alikubali sikio tu. Walikuja mpaka hapa mbele ya mlango wetu, gari likikohoa kweli, likazimika. Bwana Seif alidai kwamba limezimika lenyewe.

Nilitazama kutoka dirishani. Mzee aliamuru boneti ya gari ifunguliwe.

"Washa. Zima. Washa. Mwarabu, nimesema washa, si kucheza ngoma!"

Aliinamisha kichwa, akafumba macho, sawasawa kabisa na Etiye juu ya sufuria ya kuku. Sijui kama kuna mwingine aliyeona hivyo. Kisha akaingiza mkono wa kushoto ndani, akapapasa, akakaza kitu, na gari likaanza kuunguruma vizuri.

"Nani amechezea hii waya?"

"Sijui. Labda panya."

"Panya mwenye kuvaa kanzu," Mzee akasema.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa mweusi mpaka kwenye kifundo. Hakuweza kuingia kwenye gari hivyo, wala kugusa kanzu. Akageuka, akaita kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwa muda mrefu:

"Robine! Fungua!"

Nilitoka mbio na birika, beseni na taulo. Nilimwosha mkono wa kushoto pale barabarani, watu wakipita. Ulioshwa ukaoshika. Alinyoosha mkono achukue taulo. Sikumpa. Nilibaki nimesimama na birika limeinama, kama ninavyosimama kwa kila mgeni, kwa sababu kazi ya maji ni mikono miwili. Sikuwa nimepanga. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa inangoja, kwa mazoea tu. Halafu nikasikia sauti yangu:

"Na huu, Mzee."

Aliniangalia. Nadhani yalikuwa maneno ya kwanza kuyasikia kutoka kwangu. Hakuutoa. Nikaweka birika chini, nikampa Bwana Seif beseni alishike, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, nikautoa ule mkono wa kulia. Ulikuwa mzito kama mkono wa mtoto aliyelala. Nikauweka juu ya beseni, nikamimina, nikapaka sabuni, kidole kwa kidole, kama nilivyouosha siku zote, sikuharakisha wala sikuongeza.

Hapo ndipo nilipoona. Ile mistari myeusi ilikuwa imetoka. Ndimu haikuweza, majivu hayakuweza, lakini kukaa bila kazi kuliweza. Kiganja kilikuwa safi, kilaini, kucha nyeupe. Mzee naye aliona. Alikiinamia akakitazama muda mrefu, na mimi nikaogopa kwamba nimefanya jambo baya.

"Huu si wangu," akasema mwishowe. "Angalia. Laini hivi? Huu ni mkono wa Seif. Mkono wenye haujawahi kufanya kazi."

Bwana Seif alikuwa ameshika beseni, machozi yanamtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Kama huo ni wangu," akasema, "basi huu wangu ni wako."

Hakuna aliyecheka. Mzee akamtazama rafiki yake pale na beseni kama mhudumu mpya. Kisha akageuka, akapanda ngazi zetu, mguu ukiburuta, akaenda kukaa kwenye meza yao ya siku zote, katikati ya watu wote, koti akalivua. Nikamwosha na Bwana Seif. Sinia la watu wawili lilikuja kama kila Ijumaa. Mkono wa Mzee ulikuwa juu ya meza, safi, umelala.

Bwana Seif alikata injera, akachovya, akabaki nayo hewani, hajui aende mbele au arudi. Watu wa meza za jirani walijifanya wanazungumza.

"Unangoja nini?" Mzee akasema. "Mkono wangu umekuwa muvivu hivi? Mkono, lete hapa."

Akafungua mdomo.

Nimeona mambo makubwa kwenye mkahawa huu, harusi na mawaziri, lakini sijaona kitu kama kile. Mzee mwenye mvi, fundi aliyeogopwa na vijana wote wa Asiatique, amefungua mdomo mbele ya watu, na tajiri wa vitambaa anamlisha, mchuzi unadondokea kwenye kanzu. Nilikuwa nimesimama na beseni la maji machafu, nikasahau kulimwaga.

Mzee alitafuna. Akameza.

"Mkono," akasema, "sasa chukua kuku. Apana, si hapo. Paja. Paja, mkono! Weka na yai. Polepole, sha, hii si radiateri unajaza maji."

Hapo ndipo watu walicheka, na Bwana Seif alicheka mpaka tonge likamwanguka. Etiye alikuwa mlangoni pa jiko. Alipiga kigelegele cha kwao, kile kirefu, akafunika mdomo na shuka yake nyeupe. Kisha akaja, akanawa kwenye beseni langu, akakunja tonge la kuku asiyemla, siku ya mfungo wake, akasimama nalo mbele ya Mzee.

Mzee aliliangalia tonge, akamwangalia na yeye.

"Mama," akasema, "nilikuambia mama yangu alinilisha akamaliza. Naona alibakiza kidogo."

Akala.

Kuanzia siku ile haijapita Ijumaa bila wao. Nyinyi mlipokuja mkaona wazee wawili, mmoja akimwamuru mwenzake kama trekta, mlidhani ni mchezo. Mkono wa Seif umejifunza. Sasa unajua kwamba Mzee anapenda dengu kwanza, na kwamba pilipili isizidi. Na nyinyi mkiwa na birika, na hata mkiwa na robine, mkono wa kulia wa Mzee mtauosha. Msiuulize. Uchukueni mezani muuoshe, kabla ya kula na baada ya kula, kama wa mtu yeyote.

Lavabo ilipofungwa ukutani, Mzee aliniita.

"Robine ya ukuta imekuja. We utafanya nini?"

Nikamwambia kwamba Etiye amenipa kazi ya kubeba sahani na kuchukua oda.

"We, kusema na wateja? Utakufa. Njoo garaji kwangu. Motere ya gari haitaki usalimie. Mi niko na sikio, sina mkono. We uko na mkono, hauna mudomo. Sisi wawili tutafika mutu moja."

"Na mi?" Bwana Seif akauliza. "Si ndiyo mkono wako?"

"We ni mkono wa kula tu. Kazi hauijui."

Nilitikisa kichwa kwa kukubali, kama kwa chumvi ya Etiye.

Jana ilikuwa Ijumaa yangu ya mwisho. Etiye alininyang'anya taulo akaniambia nikae mezani, kwenye sinia la wazee, lililopanuliwa likawa la watu watatu. Katika miaka yote nilikuwa sijawahi kukaa upande ule wa meza. Nilisimama niende lavabo kunawa.

"Apana," Mzee akasema. "Kaa."

Akainuka, akaenda mwenyewe mpaka kwenye kabati, akarudi ameshika birika kwa mkono wa kushoto. Bwana Seif akachukua beseni, taulo begani, vibaya kabisa. Nikanyoosha mikono. Mzee alimimina kutoka juu mno, maji yakaruka, yakanilowesha shati na suruali, na birika likawa linayumba.

"Umemimina nje," Bwana Seif akamwambia.

"Nyamaza, beseni. Robine hajawahi kufunguliwa maji, acha afaidi."

Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Mtu alikuwa ameweka ndimu. Niliangalia mikono yangu, nyeupe kwenye ncha za vidole kama inavyokuwa mikono ya kazi hii, na sikujua niiweke wapi. Mzee alisimamisha birika.

"Angalia muzuri, Robine," akasema. "Kesho itakuwa nyeusi."